Karatasi Niliyomwachia Safari

Siku mliyoniaga pale maabara mlinipa blanketi, chupa ya chai na risala ndefu yenye sifa ambazo nusu yake zilikuwa za mtu mwingine. Nashukuru hata hivyo. Kisha yule mwenzenu mrefu anayekaa upande wa damu akaniomba niandike uzoefu wangu ili mpate kujifunza. Niliitikia kama mtu anavyoitikia akiwa ameshiba pilau. Sasa niko nyumbani Bagara, huu ni mwezi wa tatu, nimepalilia bustani hadi mchicha umenichoka, kwa hiyo naandika.

Vyeo sitavitaja, na mshahara mnaujua wenyewe. Nitaandika juu ya kipimo ambacho kila mmoja wenu, kikiletwa, alikumbuka ghafla kwamba hajanywa chai: kipimo cha mbegu za kiume. Kwa miaka yote niliyokuwa nanyi kiliitwa "kazi ya Mama Deo", kana kwamba nilizaliwa nayo. Sikuzaliwa nayo. Nilifundishwa, nikakosea, na kosa langu kubwa kuliko yote lilikuwa kwenye kipimo hicho. Majina ya wenye kisa nimeyabadilisha, na wenyewe wameniruhusu kukisema.

Nilifika Babati wakati Manyara ndiyo kwanza imekatwa kutoka Arusha. Mji ulikuwa na hamu ya kuwa makao makuu ya mkoa lakini haukuwa na vyumba. Ofisi zilipangishwa kwenye nyumba za watu, na ungeweza kukuta afisa wa mkoa anapiga muhuri huku mwenye nyumba anaanika mahindi mlangoni. Kituo chetu nacho kilikuwa hivyo hivyo. Maabara ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha linalotazama mlima Kwaraa, meza ya saruji, jiko la mafuta ya taa na hadubini moja ya zamani isiyotumia umeme. Chini yake ilikuwa na kioo kidogo cha duara. Unakigeuza kuelekea dirishani hadi mwanga wa jua uingie, na wingu likipita unasubiri. Nyie mliokuta taa za umeme ndani ya hadubini hamjui kusubiri wingu.

Aliyenipokea ni Mzee Hamisi, fundi wa maabara, mtu wa ukoo wa wenye maduka pale mjini, babu zake walikuja kutoka pwani na nguo za kuuza. Alivaa koti jeupe lililopigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Siku yangu ya kwanza hakunionyesha mashine yoyote. Alinikalisha kwenye kigoda akaniambia kwamba kabla ya kutazama kitu chochote kwenye hadubini, nitauliza maswali matatu: kimetoka lini, kimekaa wapi, kimepita mikono ya nani. Nikamwuliza kama hata choo kinaulizwa hivyo. Akasema hasa choo.

Yeye ndiye mtu wa kwanza niliyemsikia akitamka neno korodani bila kukohoa kwanza. Mimi nilitoka chuo na cheti, lakini mwalimu wetu alipofika sura ya uzazi wa mwanamume alituambia tukaisome wenyewe, akaenda zake. Mzee Hamisi alinisomesha ile sura upya, mchana, mlango ukiwa wazi, kwa sauti ile ile aliyotumia kueleza minyoo. Aliniambia mwanamume hubeba korodani zake nje ya tumbo kwa sababu zinataka ubaridi kidogo kuliko mwili wenyewe, na kwamba ule mfuko wa ngozi unafanya kazi kutwa nzima, baridi ikija unazivuta karibu, joto likija unazilegeza. Ya kushoto mara nyingi huning'inia chini kidogo kuliko ya kulia, na huo si ugonjwa. Mbegu hutengenezwa humo kwa muda wa zaidi ya miezi miwili, hupita kwenye mrija mwembamba uliojikunjakunja nyuma ya korodani ili zikomae, halafu husafiri juu na kuchanganywa na maji ya tezi, tezi dume ikiwa mojawapo. Sehemu kubwa ya kile mwanamume anachokiona kikitoka ni hayo maji. Mbegu zenyewe ni kidogo mno, hazionekani kwa macho. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na nguvu zake zote, na maji mengi, na asiwe na mbegu hata moja.

"Hilo la mwisho," alinionya, "utalieleza mara elfu moja, na watakuelewa watu watano."

Alinifundisha pia kwamba mbegu ikishatoka mambo yanageuka. Kule ndani ilitaka ubaridi, huku nje inataka joto la mwili. Kichupa kikavu, kisichowahi kuguswa na sabuni wala dawa. Kishikwe mkononi au kwapani, kisiwekwe dirishani. Ngoja kama nusu saa hadi uzito wake uyeyuke, kisha tazama, na saa moja isipite. Na ukishatazama mara moja, hujatazama. Rudia baada ya majuma kadhaa. Kipimo kimoja cha mbegu, alisema, ni umbea.

Mzee Hamisi alistaafu baada ya mwaka na nusu. Nikabaki peke yangu na hadubini.

Shida ilianza hapo hapo. Wanaume waliokuwa wakimpa Mzee Hamisi kichupa bila maneno walinikuta mimi, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, wakageuza na kwenda zao. Mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake, aliniambia amekuja kupima macho. Kwa hiyo nikatafuta njia ya mkato. Nikawa sizungumzi na waume, nazungumza na wake zao. Mke anakuja na cheti cha tabibu, namvuta pembeni, namweleza kwa lugha ya kufunika: mwambie mwenzio alete ile sampuli asubuhi na mapema, kwenye kichupa kisafi, msichelewe. Mke anaitikia, anakwenda kumwambia mume kwa lugha ya kufunika zaidi. Ilikuwa heshima tupu kuanzia maabara hadi chumbani. Niliona nimefanya jambo la busara, na nilijisifu.

Paulina alikuja mwezi wa saba, wakati Babati asubuhi ina baridi ya kukunja vidole. Alikuwa na miaka ishirini na mitano hivi, ameolewa Sigino, mwaka wa sita bila mtoto. Aliniamkia shikamoo dada, akakaa ukingoni mwa benchi, akaniambia yote bila kutazama pembeni. Baba mdogo wa mumewe alikuwa ameshaitisha kikao cha ukoo. Ilikuwa imeamuliwa kwamba baada ya mavuno ya mbaazi Paulina atarudishwa kwao na mume atafutiwa mwingine. Yeye aliomba jambo moja tu, kwamba kabla ya hapo mumewe naye apimwe. Mume, Safari, alikubali. Ukoo haukuambiwa.

Nilimpa maelezo yangu ya kufunika. Wakati ule vichupa vya maabara vilikuwa vimekwisha, na kila mtu alikuja na chake, kile kidogo cha dawa ya sindano. Nikamwambia alete kisafi.

Kesho yake Safari aliingia mwenyewe. Alikuwa mrefu, mkimya, amevaa koti zito. Alitoa kichupa mfukoni, akakiweka mezani bila kunitazama, akatoka kusubiri nje. Huko nje kulikuwa na foleni ya watu wa homa ya malaria imezunguka jengo. Nikapokea kichupa bila kuuliza hata swali moja kati ya yale matatu. Niliona haya kumuuliza, na yeye aliona haya kuulizwa, na sote wawili tukaridhika.

Kwenye hadubini mbegu zilikuwa nyingi, za kutosha kabisa. Lakini hakuna hata moja iliyotikisa mkia. Niligeuza kioo, nikatafuta mwanga, nikasogeza slaidi huku na huku. Zimelala zote. Fundi mwenye akili angesimama hapo, maana mbegu nyingi hivyo, zenye umbo zuri hivyo, kufa zote kwa pamoja ni jambo la kutia shaka. Mimi nilifikiria foleni. Nikaandika kwenye karatasi ya majibu kwa mkono wangu: zote zimekufa. Nikapiga muhuri na kutia saini.

Tabibu alikuwa semina, na Safari alikuwa amesimama mlangoni. Nikampa mkononi. Akasoma, kisha akaniuliza swali moja.

"Zimekufa lini?"

Nikamjibu sijui. Akakunja karatasi mara nne, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaenda. Lile lilikuwa swali la Mzee Hamisi, la kwanza kati ya yale matatu, na lilitoka kwenye kinywa cha mkulima kwa sababu fundi hakuliuliza. Nililitambua baadaye sana. Siku ile niliona ni swali la mtu aliyechanganyikiwa, nikamwita wa malaria aliyefuata.

Mbaazi zikavunwa. Mwezi wa kumi Paulina akarudi maabara, mara hii hakutoka Sigino. Alikuwa amerudishwa. Alikaa kwa kaka yake Nangara, analala chumba kimoja na watoto wa kaka. Alikuja kuniuliza jibu la kipimo, kwa sababu Safari hakuwahi kumwambia, na kwenye kikao alikaa kimya tangu mwanzo hadi mwisho huku baba yake mdogo akisema ardhi nzuri haikosi mmea na kwamba kosa linajulikana liko wapi.

Nilijua karatasi ilisema nini. Nilijua kwamba mwanamume yule alikaa na koti lake kwenye kikao, ndani ya koti mkiwa na maneno ambayo yangemtoa mkewe lawamani, na hakuyatoa. Nilimkasirikia sana. Na sikuweza kusema, kwa sababu jibu la mgonjwa ni la mgonjwa. Hamjawahi kufundishwa jinsi siri ya mgonjwa inavyouma pale mtu mwingine anapoumia kwa ajili yake. Mimi nilijifunza siku hiyo. Nikamwambia Paulina kwamba siwezi, sheria hainiruhusu, amuulize mwenyewe.

Hakunilaumu. Alisema tu kwamba anasikitika, maana alijitahidi kadiri ya uwezo wake. Hata kile kichupa hakutaka kiaibishe nyumba yake mbele ya watu wa hospitali. Alikiosha kwa sabuni ya unga, akakisuuza, kisha akaenda duka la dawa akanunua spiriti, akakisuuza tena kwa spiriti, na akaacha matone kidogo ndani ili dawa iendelee kufanya kazi.

Nilimwomba arudie. Akarudia, taratibu, akidhani hajaeleweka, na sauti yake ilikuwa na fahari kidogo. Huyu ni mwanamke ambaye hawezi kumpelekea jirani maziwa kwenye kibuyu kisichosafishwa. Nilimwambia alete kichupa kisafi, na yeye alileta kichupa kisafi kuliko vyote vilivyowahi kuingia maabara ile. Sabuni na spiriti vinaua mbegu kama vinavyoua vijidudu. Nilichokiona kwenye hadubini ni kazi ya usafi wake, na ya mdomo wangu uliofunikwa.

Sikumwambia. Nilimwomba anipe siku chache, nikaenda kujifungia chumba cha stoo na kulia. Kisha nikamweleza tabibu. Yeye hakupandisha sauti. Aliniambia kosa lina mwenyewe, na mwenyewe ndiye anayelipeleka linakotakiwa. Kwanza nilifungua daftari la maabara. Mzee Hamisi alinifundisha kwamba jibu lililokosewa halifutwi wala halipakwi wino. Linakatwa kwa mstari mmoja ili lisomeke chini yake, kisha unatia saini. Nikalikata. Asubuhi iliyofuata nikapanda baiskeli kwenda Sigino.

Nilimkuta Safari zizini anarekebisha lango. Hakufurahi kuniona. Alitazama kwanza kama kuna mtu njiani.

"Safari," nikamwambia, "nimekuja kwa kosa langu, si kwa lako. Uliniuliza zimekufa lini. Jibu ninalo sasa. Zimekufa ndani ya kichupa."

Hakuelewa, na mimi kwa mara ya kwanza sikufunika kitu. Nikachukua kijiti nikachora kwenye vumbi la zizi. Nikamwambia hizi ni korodani, humu ndimo mbegu zinamotengenezwa, hapa zinakomaa, huu ndio mrija, hii ni tezi dume, huu ni uume. Nikamweleza spiriti inafanya nini. Nilitamka kila kitu kwa jina lake, mbele ya ng'ombe sita, na mbingu haikuanguka. Yeye alikuwa amechuchumaa anafuata kijiti kwa macho. Baada ya muda akauliza kama ni kweli kwamba nguvu na mbegu si kitu kimoja. Nikamwambia si kitu kimoja.

"Nilikuwa na fahali wa hivyo," akasema. "Anapanda vizuri kabisa, ng'ombe hawashiki mimba. Tulimchinja."

Nikamwambia kwetu maabara hatuchinji. Alicheka kidogo, na mara ile ile uso ukamshuka. Akaniambia kwamba tangu siku ya karatasi amekuwa akiamka na kujiona kama yule fahali. Kwenye kikao alitaka kusema. Alishika karatasi kwa vidole ndani ya koti, ikamshinda. Alimwona Paulina akifunga vitu vyake na bado ikamshinda. Hakutafuta kisingizio. Ile hasira niliyokuja nayo kutoka mjini ilipungua, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mtu mwenye haya iliyomgharimu mwingine.

Alikuja kituoni juma lile. Nilimpa kichupa kipya, kikavu, nikamwelekeza mwenyewe, ana kwa ana, neno kwa neno. Chumba chetu cha faragha kilikuwa ile stoo, katikati ya maboksi ya pamba, na kitasa tulifunga kwa msumari. Alipotoka nilimwambia akishike kichupa ndani ya ngumi, chini ya koti, tukasubiri nusu saa tukizungumzia bei ya mbaazi. Jua lilikuwa zuri. Nikaweka slaidi, nikageuza kioo, nikatazama. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumfanyia mgonjwa mwingine. Nikasimama, nikamwachia kiti.

Alihangaika kufumba jicho moja. Halafu akatulia, akakaa hivyo muda mrefu, mgongo umeinama, mikono imeshika meza.

"Zinakwenda wapi?" akauliza bila kuinua kichwa.

"Hazijui. Zinakwenda tu."

Alipoinuka alikuwa na machozi, na hakuyafuta. Nilidhani ni furaha tupu. Kumbe alikuwa ameshafika mbele kuliko mimi. Akasema ukoo ukisikia yeye ni mzima, basi Paulina hatarudi tena, maana itakuwa imethibitishwa kwamba kasoro ni yake. Nilikuwa nimekimbilia kusahihisha kosa langu bila kufikiri usahihi huo utamwangukia nani. Nikamwambia mwanamke naye ana vipimo vyake, na kwamba yapo yanayotibika. Tukarudia kipimo chake baada ya majuma kadhaa, kikatoka kile kile. Akaenda Nangara mwenyewe, akamchukua mkewe kwa kaka yake, akamsimulia karatasi na kichupa na kikao na koti. Paulina aliniambia siku za mbele kwamba hakuzungumza naye kwa siku mbili, na ya tatu akamwambia waende hospitali kubwa.

Walirudi na jibu kabla ya mvua za masika. Mirija ya uzazi ya Paulina ilikuwa imeziba pande zote mbili. Kwa uwezo wa wakati ule, na wa watu wale, hapakuwa na la kufanya.

Safari alikuja maabara peke yake. Nilikuwa nimemwandalia jibu sahihi lenye muhuri, na nikamwomba anirudishie lile la zamani niliharibu, kama utaratibu unavyotaka. Akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, ikiwa imeanza kuchakaa kwenye mikunjo. Akaweka mezani zote mbili. Akairudisha ile mpya upande wangu.

"Hii kaa nayo," akasema. "Ya zamani niachie."

Nikamwambia ile ni uongo.

"Najua. Nilipoamini ni kweli niliificha. Sasa ni uongo, acha niitoe."

Nilielewa alichotaka kufanya, na nilielewa kitakachomfuata. Nilimwambia watamcheka. Nilimwambia hakuna mzee atakayesahau. Nilimwambia saini ile ni yangu, na kwamba nikigundulika kazi sina. Alisikiliza yote akiwa amesimama. Hakunisihi. Karatasi ilikuwa mezani kati yetu, na mkono wangu ndio uliokuwa karibu nayo zaidi.

Niliondoa mkono.

Nimefikiria juu ya mkono ule karibu miaka ishirini. Daftari lilikuwa limesahihishwa, hilo najua. Lakini nilimwachia mtu karatasi yenye muhuri nikijua ni ya uongo na nikijua anakwenda kuitumia. Msiige. Kama mmoja wenu angenijia na kisa hiki nikiwa msimamizi, ningemwandikia barua. Na bado, nikirudishwa leo kwenye meza ile ya saruji, sidhani kama ningeuacha mkono pale.

Yaliyotokea kwenye kikao cha pili cha ukoo nilisimuliwa na Paulina, aliyeniletea mbaazi na mayai. Safari alisimama kabla ya baba yake mdogo hajafungua mdomo, akampa karatasi. Mzee akaisoma, akampa mwenzake, ikazunguka. Hakuna aliyeuliza kitu. Mke wa pili hakutafutwa, kwa kuwa hakuna nyumba ingetoa binti kwa mwanamume aliyeandikwa hivyo. Paulina alipika jikoni kwake jioni ile, na hakuna aliyemwambia neno tena.

Yeye Safari aliambiwa mengi. Mnajua kwetu mtu mzima huitwa kwa jina la mtoto wake, na asiye na mtoto huachwa na jina lake kama kijana asiyeoa. Kwenye kilabu cha pombe walimtungia la kwao, wakamwita Baba Paulina. Ilikuwa dhihaka kali. Yeye akaitika. Mwaka wa kwanza akaitika, na wa pili, hadi walioanzisha wakasahau kwamba ilikuwa dhihaka, na vijana wa Sigino wakakua wakidhani Paulina ni binti aliyeolewa mbali.

Miezi mitatu kabla sijastaafu, asubuhi ya baridi, nilitoka mlangoni nikawakuta kwenye benchi, Safari amekuwa na mvi na Paulina amenenepa vizuri. Benchi lilijaa wanawake wa kliniki. Nikamwuliza Safari kinachomsumbua nini, na yeye akanijibu kwa sauti ya mtu anayesema habari za hali ya hewa kwamba mkojo unakatikakatika, anakwenda haja mara kwa mara, anadhani ni tezi dume, tabibu amemwandikia vipimo vya damu na mkojo. Wanawake wote wakatazama sakafu. Mimi nilijisikia kama mwalimu ambaye mwanafunzi wake amefaulu.

Mmoja wenu, simtaji, alitoka na kichupa, akampita Safari, akainama kwa Paulina na kuanza kumnong'oneza kwamba mama, mwambie mzee akienda kule akajaze hiki.

"Kijana," Safari akasema, "niambie mimi. Mwili ni wangu."

Paulina akakunja mikono kifuani. Akasema kichupa ashike mwenyewe, yeye hakigusi.

Mkojo ulikuwa bado haujaja, kwa hiyo walikaa wakisubiri, kichupa kikiwa kati yao kwenye benchi. Nikakaa nao. Safari akaniambia baba yake mdogo alizikwa mwaka jana, na wengine wa kikao kile wameshatangulia. Akatoa kwenye koti mfuko wa plastiki, na ndani ya mfuko ile karatasi. Mwandiko wangu ulikuwa umefifia, lakini ulisomeka. Nikamwomba ruhusa ya kuandika kisa hiki siku moja. Akafikiri, akanipa kwa sharti kwamba nisimwandike kama mtu wa kuhurumiwa. Alichagua, akasema, na hakuna siku aliyotamani kuchagua vingine.

Nilitakiwa kuichana. Badala yake nilichukua kalamu mfukoni, nikaweka karatasi gotini, nikakata mstari mmoja juu ya yale maneno mawili, nikatia saini pembeni na tarehe ya siku ile. Nikamrudishia. Aliitazama kwa muda, akamsogezea mkewe aone, kidole chake kikifuata mstari kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Nimefufuka, mama," akasema.

"Haya," Paulina akasema, "kama umefufuka, chukua kichupa chako uende."